Jina la Aliyewahi

Wazee wetu hawakutoa majina ovyo. Mtoto akizaliwa Ijumaa, kwa Waswahili anaweza kuitwa Juma au Mwanajuma, na siku hiyo ikamfuata mpaka kaburini. Akizaliwa wakati nyumba imelemewa, ataitwa Shida, Tabu au Mashaka, na huenda yeye mwenyewe akaja kuwa mtu wa raha kuliko wote mtaani. Wakizaliwa pacha, Wasukuma, na wengi walioiga kwao, humwita aliyetangulia Kulwa na aliyefuata Doto. Hapo hakuna mjadala. Mkunga ndiye shahidi. Dakika tano tu zinatosha kumfanya mtu awe Kulwa maisha yake yote, hata kama Doto atamzidi urefu, akili na fedha.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, kama pacha hao wangekuwa wanazaliwa upya kila kukicha. Leo huyu kawahi, anaitwa Kulwa. Kesho mwenzake kampiga kumbo mlangoni, yeye ndiye Kulwa. Baba kaacha wosia: shamba la Kulwa, nyumba ya Doto. Mwenye duka kaandika daftarini: Kulwa anadaiwa shilingi elfu kumi. Mwalimu kaagiza: Doto achapwe viboko vitatu. Kukicha, nani atapata shamba na nani atachapwa? Utasema mambo hayo ni ya hadithi za bibi. La hasha! Ndiyo kazi ninayoifuata kila siku, nikipanda daladala alfajiri kutoka Mbagala na kurudi usiku ubongo umechoka kuliko miguu.

Mimi ni kijana wa kompyuta. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha. Uandishi haujaanza kunilisha, mimi ndiye ninayeulisha. Wenzangu wa kalamu hunitania: ati wao wana mapenzi, wana siasa, wana bahari na mvua, we una waya. Waya una hadithi gani? Nimewasikiliza kwa muda mrefu bila kujibu. Leo najibu.

Tuanze na seva, maana wengi hulisikia neno hilo benki wanapoambiwa wasubiri kwa kuwa "seva iko chini". Seva ni kompyuta kama nyingine, ila haina kioo wala kibodi wala mtu anayekaa mbele yake. Imelala kwenye raki la chuma pamoja na nyingine kama maiti katika droo, chumba chenyewe baridi na kelele ya feni mpaka mnaongea kwa kupiga makelele. Nyuma yake ina matundu ya kuchomekea kebo za mtandao. Matundu hayo sisi tunayaita poti. Nyingine zimo kwenye ubao wenyewe wa mashine tangu kiwandani, nyingine zimo kwenye kadi iliyopachikwa baadaye. Seva moja inaweza kuwa na poti nne, na kila moja ina kazi yake. Hii inazungumza na ofisi, ile inapeleka mizigo ya data kwenye ghala la diski.

Poti lazima iwe na jina, la sivyo huwezi kuiagiza kitu. Kwenye Linux, mfumo ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki, jina la zamani ni eth0, inayofuata eth1, kisha eth2. Hiyo "eth" imetoka kwenye Ethernet, jina ambalo Robert Metcalfe aliliandika kwenye waraka wa ofisini mwezi Mei 1973, alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya Xerox kule California. Yeye naye aliliazima kwa wanafizikia wa kale, ambao waliamini kuwa mwanga husafiri ndani ya kitu fulani kisichoonekana kilichojaa anga nzima, wakakiita etha. Mwaka 1887 Michelson na Morley walikitafuta kwa kipimo kikali wasikipate. Kwa hiyo, ndugu msomaji, jina lenyewe tangu asili yake ni la kitu kisichokuwepo. Mtunzi wa mashairi angeweza kuacha kusoma hapa akaenda kuandika.

Kasoro ya jina haikuwa kwenye hizo herufi tatu. Ilikuwa kwenye ile tarakimu. Sifuri maana yake nini? Maana yake ni aliyewahi, basi! Moyo wa Linux, tunaouita kerneli, unapoamka hutafuta kadi zilizomo ndani ya mashine. Ya kwanza kuitikia inapewa sifuri. Ya pili inapewa moja. Kulwa na Doto kabisa. Zamani mashine ilikuwa na kadi moja, na mtoto wa pekee hagombani na mtu. Siku hizi kadi ni za viwanda tofauti, kila moja na programu yake ya kuiendesha, na programu hizo zinapakiwa kwa pamoja ili mashine iamke upesi. Hapo mbio zinaanza. Mara nyingi mshindi ni yuleyule, na ndiyo maana watu hawashtuki. Lakini "mara nyingi" si "kila mara", na ukiwa na mashine nyingi, hiyo tofauti ndogo inakusubiri mahali.

Mwaka 2019 kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi, hapa Dar es Salaam, ilinunua seva 24 kwa mkupuo. Zote ndugu: kiwanda kimoja, toleo moja. Poti mbili ubaoni, poti mbili kwenye kadi ya kupachika. Kebo ya buluu ilichomekwa poti ya kwanza ya ubaoni, kwa ajili ya mtandao wa ndani. Kebo ya njano ilichomekwa poti ya kwanza ya kadi, kwa ajili ya ghala. Kazi ya kuzibeba kutoka kwenye lori, kuzifunga kwenye raki na kuchomeka kebo ilifanywa na vibarua wanne waliochukuliwa kwa siku. Kazi ya kuzitia mfumo haikuhitaji mtu. Ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Nieleze kidogo hapo, maana pananivutia mpaka leo. Seva mpya ikiwashwa haijui lolote. Inapaza sauti mtandaoni: jamani, mimi ni mgeni, nani atanipa anwani? Kuna seva nyingine, mwenyeji, inayojibu: chukua anwani hii, na pale kuna programu ndogo, ipakue uiendeshe. Ile programu ndogo inavuta kubwa, kubwa inasimika Linux nzima, halafu inasoma maagizo tuliyoyaandika: diski gawanya hivi, saa weka hivi, watumiaji ni hawa. Mashine inajizima, inajiwasha, imekuwa mtu mzima. Unaandika mara moja, inatendeka mara 24, na wewe unakunywa chai. Sijaona kitu kinachofanana na uandishi kuliko hicho. Maneno yanaketi kwenye karatasi, na pahali fulani usipokuwepo, yanafanya kazi.

Ila maneno hayana macho. Maagizo yetu, ambayo tuliyarithi kwa watu waliokwisha kuondoka, yalisema: eth0 ipe anwani ya ndani, eth2 ipe anwani ya ghala. Na kwenye mstari wa kuamshia kerneli paliandikwa net.ifnames=0, yaani achana na majina ya kisasa, turudishie yetu ya zamani. Wengi duniani wamefanya hivyo. Jina la zamani ni fupi, limezoeleka, vidole vinalijua.

Ijumaa jioni zote 24 zilisimikwa bila hata moja kulalamika. Zikajizima, zikajiwasha. Kwenye kioo chetu zikaonekana 17. Saba hazikuonekana.

Mkuu wa kitengo alikuja mwenyewe, shati jeupe, miwani kwenye paji la uso. Alisimama nyuma ya raki la tatu, ambako nne kati ya zile saba zilikuwa, akatazama kebo kama mtu anayetazama nywele zisizochanwa.

"Hizi zimechomekwa kombo," akasema. "Nani alifanya raki hili?"

Likaletwa daftari la zamu. Pameandikwa: Raki la 3, Kibarua 2.

"Kibarua namba mbili ni yupi?"

Akaja kijana mwembamba, fulana ya mpira wa miguu, bisibisi bado iko mkononi. Aliulizwa kama ndiye namba mbili, akasema ndiyo, leo ni namba mbili. Nililisikia lile "leo" lakini halikuniingia akilini saa ile. Mkuu akamwambia kazi yake imeishia pale, apite kwa karani achukue nusu siku. Kijana akasema, "Mkuu, mimi buluu niliweka kwenye buluu." Mkuu hakujibu. Kibarua kikawa kimeota nyasi namna hiyo, saa kumi na mbili na robo jioni.

Tuliamriwa kuzichomoa na kuzichomeka upya asubuhi. Mimi sikuridhika. Sikuwa na ushujaa wowote, wallahi, nilikuwa na wasiwasi wa hesabu tu. Mtu akikosea raki, hukosea raki zima, au hukosea mashine moja. Huyu alikuwa na mashine nane kwenye raki lake. Iweje nne ziwe sawa na nne zisiwe, tena si kwa kufuatana? Na zile tatu nyingine zilizopotea hazikuwa kwenye raki lake kabisa.

Kulipopoa nikasukuma kitoroli chenye kioo na kibodi mpaka kwenye mashine moja iliyopotea, nikaiunganisha, nikaingia. Iko hai. Haina homa. Inaamini imefanya yote iliyoambiwa. Kuna amri moja ndogo naipenda sana, ethtool -p, ambayo ukiiandika na jina la poti, basi taa ya poti hiyo nyuma ya mashine inaanza kupepesa. Ni kama kuita jina darasani ukaona nani ananyosha mkono. Nikaandika ethtool -p eth0. Nikazunguka nyuma. Taa iliyokuwa ikipepesa ilikuwa kwenye kebo ya njano.

Kesho yake Jumamosi nikamwomba Mkuu aje aone. Akaja. Akaiona taa inapepesa penye njano, akatikisa kichwa kwa ushindi.

"Si ndiyo nilivyosema? eth0 ni buluu. Hapo ni njano. Kebo ziko kombo."

"Sawa, Mkuu," nikasema. "Naomba uniruhusu niizime na kuiwasha. Hatugusi kebo. Wewe simama hapohapo."

Seva hazina haraka ya kuamka. Zinahesabu kumbukumbu, zinakagua diski, zinapuliza feni kama ndege inayotaka kuruka. Tulisubiri kwenye baridi ile. Ikaamka. Nikaita eth0. Njano tena. Mkuu akatazama saa yake. Nikaomba mara ya pili. Njano. Hapo jasho lilinitoka chumba kikiwa na baridi ya friji. Nikaomba ya mwisho, akasema, "Ya mwisho kweli, kijana, nina kikao." Ikazimika, ikawaka, ikahesabu, ikapuliza. Nikaita eth0.

Taa ikapepesa kwenye buluu.

Hakuna aliyegusa kitu. Mkuu mwenyewe alikuwa amesimama pale kama mlinzi. Kebo haina miguu. Kilichotembea ni jina.

Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza swali ambalo kwangu ndilo lililomrudishia heshima: "Kwa hiyo zile 17 nazo zinaweza kupotea?" Nikamwambia ndiyo, Mkuu, siku yoyote umeme ukikatika zikawaka upya. Na umeme wa Dar tunaujua.

Sasa kabla sijasema tulifanya nini, niseme kidogo walichofanya wengine, kwa sababu ugonjwa huu ni wa miaka mingi na tiba zake zinafundisha.

Tiba ya kwanza ilikuwa daftari. Kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani na namba yake, inaitwa anwani ya MAC, herufi na tarakimu 12. Sita za mbele ni za kiwanda, sita za nyuma ni za kadi yenyewe. Miaka ya 2000 mashine nyingi za Linux zilikuwa na faili lililoitwa 70-persistent-net.rules, ambamo mashine iliandika yenyewe: kadi yenye namba hii niliiita eth0, na nitaiita hivyo daima. Wazo zuri. Lakini likagonga ukuta mara mbili. Kwanza, jina la kutunukiwa na jina la kerneli yalikuwa ya ukoo mmoja. Faili linataka kumwita huyu eth0 wakati uleule kerneli, huko mlangoni, inampa mwingine eth0. Wakagongana, na wakati mwingine kadi ikabaki na jina la ajabu la katikati, kama mtoto aliyeandikishwa kabla wazazi hawajapatana. Pili, watu walianza kunakili mashine. Unachukua diski ya mashine iliyokamilika, unaifanya mbegu ya nyingine 50. Daftari linakwenda na mbegu. Mashine mpya inaamka, inasoma kwamba eth0 ni fulani, inatazama ndani yake haimwoni fulani, inamwona mgeni. Inampa mgeni eth1 na kumwekea marehemu kiti chake. Maagizo yote ya eth0 yanabaki yakimsubiri asiyekuja.

Tiba ya pili ilikuwa kumwita mtu kwa anapokaa. Mwaka 2011 Fedora toleo la 15 lilianza kutumia programu iliyotoka kwa watu wa Dell, ikaita poti za ubaoni em1, em2, na za kadi p1p1 na kadhalika. Mwezi Januari 2013 systemd toleo la 197 likaja na utaratibu ulioenea mpaka leo. Poti ya ubaoni ni eno1. Iliyo kwenye kadi ya nafasi ya pili ni ens2f0. Nyingine huitwa kwa njia ya kuifikia: enp3s0, yaani barabara ya tatu, nyumba sifuri. Na ukichagua hivyo, inaweza kuitwa enx ikifuatiwa na ile namba ya kiwandani yote. Jina la poti haliruhusiwi kuzidi herufi 15, na enx pamoja na zile 12 zinatimia 15 kamili. Aliyepanga hilo alipima kitambaa vizuri. Red Hat wakaufuata utaratibu huu kwenye toleo la 7 mwaka 2014, Ubuntu kwenye 15.10, Debian kwenye toleo la 9 mwaka 2017.

Kumwita mtu kwa anapokaa kuna uzuri wake. Sisi nasi tunasema Mama wa Nyumba ya Kona, na barua inafika. Lakini mitaa nayo huhesabiwa upya. Ukipachika kadi mpya, ile barabara ya tatu inaweza kuwa ya nne, na enp3s0 akawa enp4s0 bila kuhama kitanda. Hata wenye mfumo wenyewe, wakiboresha namna ya kuhesabu, majina yanaweza kubadilika ukisasisha tu. Ndiyo maana mwezi Desemba 2018 toleo la 240 likaleta mpangilio wa kusema "endelea kunihesabia kwa desturi ya zamani". Na mwaka 2020 kerneli 5.5 ikaruhusu poti moja kuwa na majina ya ziada, marefu kuliko zile herufi 15. Majina ya utani, kwa lugha yetu.

Tiba ya tatu ndiyo tuliyoichagua: mwite mtu kwa kazi yake, lakini mtambue kwa alama yake. Tuliandika faili dogo kwa kila poti, mistari minne tu. Juu linasema: ukikuta kadi yenye namba hii ya kiwandani. Chini linasema: iite ndani0. Jingine linasema: iite ghala0. Hatukutumia neno eth hata mara moja, ili tusigombee jina na kerneli mlangoni. Maagizo nayo tukayaandika upya: ndani0 ipe anwani ya ndani, ghala0 ipe ya ghala. Mtu yeyote akisoma saa nane za usiku, simu inaita, macho mazito, anaelewa bila kuuliza. Tukajenga upya na lile furushi dogo linalosomwa mwanzo kabisa wa kuamka, maana majina hutolewa alfajiri. Ukileta faili lako mchana, watoto wamekwisha kubatizwa. Na kwa ule wakati wa kusimika, kabla majina yetu hayajafika, tukaiagiza ile programu ndogo ya mwanzo ipitishe ujumbe: BOOTIF, yaani poti niliyoamkia mimi ina namba hii, itumie hiyohiyo, usibahatishe kwa tarakimu.

Kazi ngumu haikuwa kuandika. Ilikuwa kuzitambua kadi. Seva 24, poti nne nne, namba 96. Tulizunguka tukiita, mmoja kwenye kibodi, mwingine nyuma ya raki anapiga kelele "buluu!" au "njano!", mwingine anaandika. Siku mbili nzima. Bila shaka tiba hii nayo ina bei yake: kadi ikiungua ukaweka nyingine, lazima mtu akumbuke kuandika namba mpya, la sivyo mgeni hatapewa kazi. Hakuna jina lisilodai kutunzwa. Lakini tangu hapo umeme ulikatika mara nyingi, na zote 24 zikaamka kila moja ikijua ni nani.

Nilipokuwa naandika zile namba 96 ndipo lile neno "leo" likanirudia. Leo ni namba mbili. Nikaenda getini kwa mlinzi, mzee wa makamo, nikamwamkia, nikamwuliza vibarua huwa wanapataje namba.

"Wanavyofika, mwanangu," akasema. "Wa kwanza namba moja, wa pili namba mbili. Asubuhi hivyo, na wakitoka kula wakirudi naandika upya, maana wengine hawarudi."

Nikamwomba daftari la getini nilitazame. Ijumaa ile asubuhi, Kibarua 2 alikuwa mtu mwingine. Yule mwembamba aliyefukuzwa alikuwa namba nne asubuhi, na namba mbili alipotoka kula. Raki la tatu lilifungwa asubuhi. Ina maana hata kama kebo zingekuwa kombo kweli, na hazikuwa, mtu aliyefukuzwa si yeye aliyezichomeka. Aliadhibiwa kwa sababu ya namba aliyoikuta mlangoni baada ya kula ubwabwa.

Nilikaa kwenye benchi la mlinzi nikashindwa hata kukasirika. Siku mbili tulikuwa tunahangaika ili poti ya mashine isibebeshwe kazi ya poti nyingine kwa kosa la kuwahi. Vyuma 96 tumevipa kila kimoja jina lake na alama yake. Watu wanne waliovibeba mgongoni tumewaandika kwa foleni.

Nilimwandikia Mkuu ukurasa mmoja. Sikuweka maneno makali. Niliweka daftari mbili, la zamu na la getini, na saa za kila mstari. Kwa haki yake niseme hakulitupa. Daftari la zamu likaongezwa safu ya jina kamili, na kijana akaitwa arudi achukue nusu siku yake iliyobaki pamoja na siku mbili alizozikosa. Alikuja kuchukua. Kazi hakurudi. Alikuwa amekwisha kupata mahali kwa fundi umeme Temeke, akasema kule angalau wanamwita.

Kwa hiyo, wenzangu wa kalamu, mnaposema waya hauna hadithi, mimi nasema tazameni jinsi vitu vinavyoitwa mahali mnapofanya kazi, au mnapotafuta kazi. Tazameni kama jina limetokana na alama ya mtu, au kazi yake, au anapokaa, au ni tarakimu ya mlangoni tu. Kila mojawapo ina siku yake ya kuvunjika, na siku hiyo kuna mtu ataambiwa apite kwa karani. Ukiweza kuonyesha ni wapi jina lilihama, umeandika kitu.

Yule kijana ninalijua jina lake, matatu yote, la kwake, la baba na la babu. Nilimwuliza kama naweza kuliandika humu. Akacheka, akasema ngoja kwanza asome nilichoandika.